MLIMA UKISHUKA: TUJIFUNZE KUTOKA KATESH

Jumapili alfajiri, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilishuka kutoka mlima Hanang, mkoani Manyara. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Tope hilo lilibeba mawe makubwa na magogo ya miti. Likaingia mji mdogo wa Katesh, ulio kando ya barabara kuu ya Babati na Singida, na vijiji vya jirani kama Gendabi. Nyumba na maduka vilifukiwa. Barabara ikafungwa. Watu 89 walikufa.

Je, mlima unawezaje kushuka?

Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikameguka. Sisi tunaokandika nyumba tunalijua jambo hili. Udongo wenye maji kidogo hushikamana ukutani. Ukizidisha maji unakuwa uji, unateleza wenyewe. Tena ni mzito. Beba ndoo ya udongo mkavu, kisha beba ya tope, utaona tofauti.

Barabara nayo inaweza kuongeza hatari. Inapochimbwa ubavuni mwa mlima, mguu wa mlima unakatwa. Udongo wa juu unakosa pa kuegemea. Ni kama kuchomoa gunia la chini katika lundo la magunia. Na hapo kando ya barabara ndipo tunapoweka vibanda vya chai, maana wateja wapo. Riziki iko hapo, lakini tutazame na juu yake pakoje.

Kuwatafuta waliofukiwa

Huko Katesh askari wa jeshi, polisi, Zimamoto na wananchi walichimba pamoja. Siku ya kwanza ilitangazwa kwamba waliokufa ni 47. Hesabu ikapanda siku baada ya siku mpaka 89, kwa sababu kila tope lilipoondolewa, wengine walionekana.

Kazi hii haitaki papara. Chini ya tope anaweza kuwamo mtu aliye hai, na katapila likipita juu yake litamwumiza. Basi wachimbaji husimama kidogo, watu wote wananyamaza, wanasikiliza kama kuna anayeita.

Swali la kwanza la wanaotafuta ni hili: nani alilala hapa? Kama hakuna anayejua, watu watachimba mahali patupu, na mwenzetu atabaki chini bila kutafutwa. Hapa ndipo kalamu yetu inapofanya kazi. Tuandike majina ya wote wanaolala nyumbani, pamoja na watoto na wageni. Karatasi moja tumpe mwenyekiti wa kitongoji, nyingine tumpe ndugu anayekaa mbali na mlima. Mgeni akija, tumwongeze. Akiondoka, tumfute.

Dalili za hatari

Tuhame mapema mvua inaponyesha tukiona haya:
1. Nyufa mpya ardhini au ukutani.
2. Miti au nguzo zinazoanza kuinama.
3. Mto unaogeuka tope ghafla, au unaopungua maji na huku mvua inanyesha.
4. Mngurumo unaotoka mlimani.

Tope likishuka, tusikimbie kulifuata bondeni. Tukimbilie pembeni, mahali palipoinuka. Tusirudi kuchukua godoro wala redio. Wenye magari wasisimame chini ya ukingo uliomeguka, wala watu wasijazane hapo kutazama, maana udongo unaweza kushuka mara ya pili. Zimamoto na Uokoaji wanapigiwa simu namba 114.

Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini kujua nani analala wapi, na kuondoka mapema, hayo tunayaweza.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi zilizo chini ya mlima au ukingo wa barabara?
2. Usiku wa mvua kubwa, watu wa nyumba hizo watalala wapi?
3. Nani ataandika majina, na ataanza lini?