Fumbo la shimo jeusi ambalo bado lawatoa jasho wanafizikia

MNAMO Desemba 12, 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji.

Hiyo ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa uchunguzi wa miali ya eksirei itokayo angani. Miongoni mwa vitu ilivyovitazama ni Cygnus X-1, ambacho eksirei zake zilionekana kupanda na kushuka mara kadhaa katika sekunde moja. Kitu kinachobadilika upesi kiasi hicho hakiwezi kuwa na umbo kubwa.

Muda si mrefu, wanaastronomia walibaini kwamba kitu hicho kisichoonekana kinazungukana na nyota kubwa kila baada ya siku 5.6, na kwamba ni kizito mno kuwa masalia ya kawaida ya nyota iliyokufa. Lililobakia ni moja tu: shimo jeusi, yaani mahali ambapo nguvu za uvutano zimezidi hata mwanga hauwezi kuponyoka.

Si wote waliosadiki. Mwaka wa 1974, mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking aliwekeana dau na Mmarekani Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Alikubali kushindwa mwaka wa 1990. Vipimo vilivyotolewa mwaka wa 2021 vinaonyesha kuwa uzito wake ni takriban mara 21 ya uzito wa jua letu.

Leo, kuwepo kwa mashimo meusi si jambo la kubishaniwa sana. Mnamo Septemba 2015, mitambo ya Marekani ilinasa mawimbi ya uvutano yaliyotokana na mashimo mawili kugongana na kuungana, na Aprili 2019 dunia ikaonyeshwa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi. Kinachobishaniwa ni kile kinachotendeka ndani yake. Hapo ndipo nadharia mbili kuu za fizikia zinapokutana na kukataa kupatana.

Ya kwanza ni nadharia ya uhusianifu ambayo Albert Einstein aliikamilisha mwaka wa 1915. Kwa mujibu wake, uvutano si kamba isiyoonekana inayovuta vitu, bali ni kupindika kwa anga na wakati kunakosababishwa na uzito. Jambo hili si la vitabuni tu. Saa zilizo katika setilaiti zinazoelekeza simu zetu huenda mbele ya saa za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, sawa na hesabu za Einstein. Bila ya marekebisho hayo, dereva wa teksi anayefuata ramani ya simu jijini Nairobi angepotoshwa kwa kilomita kadhaa baada ya siku moja tu.

Ya pili ni nadharia ya kwanta, inayotawala ulimwengu wa chembe ndogo kama vile elektroni. Humo, chembe haina mahali pamoja maalumu hadi ipimwe, na hesabu hutoa uwezekano badala ya uhakika. Hata hivyo, nadharia hiyo ina sharti moja isiyolegeza: habari haipotei kamwe. Hati ya shamba ikichomwa, maandishi yake yangali katika moshi, majivu na mwanga wa moto, na mwenye uwezo wa kufuatilia kila chembe angeweza kuyasoma upya. Wenye kesi za ardhi wasifurahi mapema, kwani hakuna binadamu mwenye uwezo huo. Lakini kimsingi, rekodi ipo.

Sasa hati hiyo na itupwe ndani ya shimo jeusi. Kwa Einstein, imekwenda moja kwa moja, ila hakuna ubaya maadamu shimo lenyewe lipo milele na limeihifadhi. Mwaka huo huo wa 1974, Hawking aliivuruga faraja hiyo. Alionyesha kwa hesabu kwamba, kwa sababu za kikwanta, shimo jeusi hutoa joto hafifu na hivyo hupungua polepole hadi litoweke. Joto hilo, kwa hesabu zake, halibebi chochote kuhusu vitu vilivyomezwa.

Basi hati iko wapi? Ikiwa imepotea, msingi wa nadharia ya kwanta umebomoka. Ikiwa imetoka, basi kuna jambo Einstein hakulielewa kuhusu anga na wakati. Hakuna njia ya tatu iliyo rahisi. Hawking alishikilia kwa miaka mingi kwamba hupotea, kisha mwaka wa 2004 akabadili msimamo. Hesabu zilizochapishwa tangu 2019 zinaelekea kuonyesha kwamba habari hutoka, lakini bado hazijaeleza inatoka kwa njia gani. Ni sawa na kuonyeshwa risiti ya mzigo bila ya kuambiwa ni lori gani lililoubeba.

Kupima ndiyo kazi ngumu. Joto la Hawking halijawahi kuonekana angani, nalo huenda lisionekane. Shimo lenye uzito wa jua ni baridi kuliko anga linalolizunguka, na lingehitaji miaka inayozidi 1 ikifuatwa na sufuri 67 ili kwisha.

Isitoshe, uvutano ni dhaifu ajabu. Sumaku ndogo huinua msumari huku dunia nzima ikiuvuta chini. Mtambo wa CERN wenye mzingo wa kilomita 27, uliothibitisha chembe ya Higgs mwaka wa 2012, ungehitaji nishati takriban mara milioni bilioni zaidi ili kuugusa uvutano wa kikwanta moja kwa moja.

Ndiyo maana nadharia zinazopendekezwa, ile ya nyuzi ikiwa maarufu zaidi, zimekaa miongo kadhaa zikisifiwa kwa uzuri wa hesabu bila ya ushahidi wa maabara. Uzuri si ushahidi, na wasomaji wana haki ya kuwa na shaka kila waambiwapo kuwa jibu li karibu.

Njia iliyo ya kiasi zaidi ilipendekezwa mwaka wa 2017 na makundi mawili ya watafiti. Vipande viwili vidogo mno, mathalan vya almasi, viwekwe karibu bila ya kugusana, kila kimoja kikiwa katika hali ya kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kama kwanta inavyoruhusu. Uvutano baina yao ukiwafungamanisha kwa namna ya kikwanta, itakuwa dalili nzito kwamba uvutano wenyewe hutii sheria za chembe. Jaribio hilo halijafanywa, kwa kuwa mtikisiko mdogo tu, hata wa gari linalopita nje ya maabara, watosha kuliharibu.