Wakazi "wapatao" wa Matwebe

"Shikamoo. Mwalimu katuambia tuandike habari za kata zetu, na mtandaoni ya kwetu nimeikuta hivi tu."

Kijana wa kidato cha pili, mwenyeji wa kata ya Matwebe wilayani Rungwe, alinisogezea simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa haijaamua kukatika. Kazi yangu ni ukutubi, na mkutubi hata akiwa likizo huulizwa vitabu kama daktari anavyoulizwa dawa ya kifua.

Nilijua nitakachokiona kabla sijavaa miwani. Kurasa nyingi za kata za Tanzania katika Wikipedia ya Kiswahili zimepikwa chungu kimoja: fulani ni kata ya wilaya fulani katika mkoa fulani, kisha sensa, kisha orodha ya kata nyingine za wilaya hiyo, na chini kuna tangazo kwamba makala bado ni "mbegu". Kwenye sensa ndipo penye kituko ninachokipenda. Kata huwa na wakazi "wapatao", halafu inafuata namba kamili hadi mtu wa mwisho. Wapatao ni neno la makadirio. Ukisema wapatao elfu sita, nakuelewa. Ukinihesabia mpaka mtoto aliyezaliwa jana, hukadirii tena. Sentensi hiyo ilitungwa mara moja, ikanakiliwa kata baada ya kata, na kasoro yake ikasafiri nayo.

Lawama inayosikika sana juu ya kamusi elezo hii ni kwamba haiaminiki kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuandika. Kwa Matwebe naona tatizo ni kinyume chake: hakuna anayeandika. Wikipedia ilianza Januari 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000. Uhodari wake wote ni macho ya wasomaji. Ukurasa unaopitiwa na watu wengi, upuuzi ukiingizwa asubuhi, saa sita haupo. Ukurasa usio na wageni unaweza kukaa na kosa kutoka sensa hadi sensa.

Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi, za Wikipedia ya Kiingereza na za kamusi elezo ya Britannica, wazikague bila kujua ipi ni ipi. Wikipedia ilikutwa na makosa kama manne kwa makala, Britannica kama matatu. Britannica walikuja juu, wakasema ukaguzi wenyewe ulikuwa na walakini. Lakini mwaka huohuo, katika Wikipedia hiyohiyo ya Kiingereza, ukurasa wa mwanahabari mstaafu wa Marekani, John Seigenthaler, ulikaa zaidi ya miezi minne ukidai kwamba aliwahi kushukiwa katika mauaji ya akina Kennedy. Ulikuwa uzushi mtupu. Ulidumu kwa sababu ni wachache waliokuwa wakiufungua.

Huna haja ya kwenda Marekani kuuona mpaka kati ya kurasa zenye wageni na zisizo nao. Hapahapa Rungwe kuna kipunji, kima wa milimani aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Kitabu kilichochapwa 2004 hakimjui kabisa. Mtandaoni ana kurasa katika lugha kadhaa, na wataalamu wa nyani duniani kote wana sababu ya kumchungulia. Kata zilizo chini ya mlima anaoishi zimeachiwa mistari miwili mitatu. Mlima wenyewe mahali utaukuta na mita 2,960, pengine 2,961. Mita moja haimpotezi mpandaji, ila inakuonyesha nani amenakili kwa nani.

Kijana alinionyesha daftari lake. Alikuwa ameanza na majirani wa mjini, na kwenye kata ya Bagamoyo ameandika kwamba hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891. Nilicheka, kisha nikajizuia. Rungwe ina kata inayoitwa Bagamoyo na nyingine inayoitwa Msasani, na yeye alikuwa amefungua Bagamoyo ya pwani. Kosa lenyewe lilikuwa limevaa vizuri, maana Tukuyu nayo ilikuwa boma la Wajerumani, wakiiita Neu Langenburg. Uongo unaofanana na ukweli wa jirani ndio mgumu kuushtukia. Wahariri huweka jina la wilaya kwenye mabano, "Bagamoyo (Rungwe)", kwa sababu hiyo. Ila mtu mwenye haraka hasomi mabano.

Kuna na uchakavu. Mwaka 2016 Mbozi, Ileje na Momba zilitolewa Mbeya zikawa Mkoa wa Songwe. Siku hiyo kurasa kadhaa ziligeuka za zamani bila mtu kugusa herufi. Sensa ya 2022 nayo ilizifanya namba za 2012 kuwa historia. Kazi ya kubadilisha hufanywa na watu wa kujitolea, na wa Kiswahili ni wachache. Mwishoni mwa 2009 Google iliwashindanisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili kwa zawadi. Zilipatikana mamia ya makala. Shindano lilipofungwa, wengi walioshiriki hawakuonekana tena.

"Basi mimi nitaongeza," akasema. "Babu anajua jina la Matwebe lilikotoka."

Hapo nikakuna kichwa. Kanuni ya Wikipedia ni kwamba habari iwe na chanzo kilichochapishwa, ili msomaji mwingine aweze kukihakiki. Babu hajachapishwa. Waliochapishwa kuhusu nchi hii ni wamisionari Wamoravian na wa Berlin waliofika 1891, maofisa wa Kijerumani, na baadaye wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliofanya utafiti Rungwe miaka ya 1930. Wajerumani waliwaita Wanyakyusa "Konde". Mhariri mwaminifu wa leo akifuata maandishi ya wakati huo bila kumuuliza mwenyeji, atakuwa na tanbihi safi kabisa chini ya jina ambalo wenyewe hawajiiti. Kanuni siilaumu, bila hiyo kila mwenye ugomvi wa mpaka angejiandikia historia. Lakini inamtoza babu wa Matwebe ushuru ambao mkazi wa London halipi, kwa kuwa huyo wa London mtaa wake una vitabu.

Nikamwonyesha vichupo viwili vya ukurasa wa Wikipedia ambavyo watu huviruka. Kimoja ni cha historia: tarehe, jina la mhariri, na namba ya kijani kwa kilichoongezwa au nyekundu kwa kilichopunguzwa. Ukiona miaka imepita na waliogusa ni roboti waliorekebisha viungo, ujue hakuna mtu aliyesoma maneno yenyewe. Mimi huanzia hapo, kisha tanbihi, makala mwishoni.

Kingine ni Majadiliano. Kule unaweza kuandika neno la babu kama neno la babu, kwa tarehe na kijiji, ili atakayepata chanzo siku moja ajue pa kuanzia. Ukurasa wa majadiliano ambao haujaandikwa kitu, kichupo chake huwa chekundu. Sentensi moja tu ikiingia, kinageuka buluu.

"Nimwandike kwa Kinyakyusa alivyosema, au nitafsiri?"

Nikamwambia aandike vyote viwili, ila kwanza arudi kumuuliza tena, taratibu, na daftari mkononi.