KAMERA MBILI KONGWE, NA KIJANA WA BWERA MWENYE FEDHA YA MOJA TU

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli kwa mtu aliye na majembe mengi ghalani na uvivu mwingi moyoni. Lakini yuko pia mkulima mwenye fedha ya jembe moja tu, ambaye akikosea kununua, msimu mzima utampita mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo hana budi kuchagua, tena kwa makini.

Mmoja wa watu hao nilikutana naye Bwera, mji ulio karibu na mpaka wetu na Kongo. Ni kijana ambaye kwa muda mrefu amekuwa akipiga picha za arusi, za ubatizo na za wanafunzi wanaomaliza masomo, akitumia simu yake ya mkononi. Mama yake alikuwa amemkopesha akiba ya misimu miwili ya kahawa, kwa sharti kwamba fedha hiyo irudi nyumbani kabla ya ada za shule za wadogo zake kudaiwa.

"Afande," aliniambia, "wafanya biashara ya vitu vilivyokwisha tumika wamenionyesha kamera za aina mbili, Canon EOS 40D na Nikon D90. Bei zake zinakaribiana. Zote ni za zamani. Niambie ipi ni bora, maana sina fedha ya kukosea."

Kazi yangu jeshini ni uhusiano baina ya askari na wananchi, na katika kazi hiyo kamera haibanduki begani. Canon 40D nimeitumia kwa miaka kadhaa. Nikon D90 niliazimwa na rafiki. Nilimwahidi kijana kwamba nitazichukua zote mbili kwa juma moja, kutoka Kasese mpaka Bwera, kisha nimweleze niliyoyaona. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wengine walio katika hali kama yake.

ASILI YA KAMERA HIZI

Canon ilitangaza 40D mwezi Agosti mwaka 1, kabla ya Nikon kuitangaza D90, yaani mwaka 2007, na mwenzake akafuata Agosti 2008. Zote mbili ni za kimo cha kati: si zile ndogo za wanaoanza kujifunza, wala si zile nzito za waandishi wa magazeti makubwa. Zote hutumia kioo cha ndani kinachoinuka pazia linapofunguka, na zote hubadilishwa lenzi.

Canon hunasa picha yenye megapikseli 10.1, na Nikon 12.3. Wauzaji hupenda sana kuzitaja tarakimu hizo, kana kwamba mwenye nyingi ndiye mshindi. Hebu tuzipime kwa karatasi. Picha ya Canon ikichapwa kwa usafi wa juu, yaani nukta 300 kwa kila inchi, upande wake mrefu hufikia kama sentimita 33. Ya Nikon hufikia kama sentimita 36. Tofauti ni upana wa vidole viwili, na wateja wengi wa Bwera huagiza picha ndogo zaidi ya hizo. Kwa hiyo jambo hilo tuliweke kando.

ALFAJIRI KASESE NA MCHANA NYIKANI

Anayeijua Kasese anajua tabia ya Rwenzori. Alfajiri mlima hujitokeza wazi, na mara jua likipanda kidogo mawingu huufunika, usionekane tena siku nzima. Mpiga picha hupewa dakika chache tu. Nilizitumia dakika hizo kwa kamera zote mbili, na kusema kweli nilipozitazama picha baadaye sikuweza kuzitambua ila kwa majina yaliyoandikwa ndani yake. Kwa mwanga mzuri, kamera hizi ni ndugu wa tumbo moja.

Tofauti niliyoiona ilikuwa nyuma ya kamera. Kioo cha Nikon cha kutazamia picha kina nukta 920,000, cha Canon 230,000 tu. Kwa Nikon niliweza kujua palepale kama picha imekaza au imelegea. Kwa Canon ilinibidi nikisie, kisha nifike nyumbani ndipo nijue. Kwa mtu anayepiga picha ya bibi arusi asiyeweza kurudi kanisani kesho yake, hilo si jambo dogo.

Njiani kuelekea Kikorongo, barabara inapokata nyika ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kundi la swala lilitimua mbio. Hapo Canon ilijitwalia sifa. Hupiga picha 6.5 kwa sekunde moja, Nikon 4.5. Vituo vyake vya kulengea ni 9, na vyote hushika mistari ya wima na ya mlalo. Nikon ina vituo 11, lakini cha katikati pekee ndicho chenye uwezo huo. Pazia la Canon huweza kufunguka na kufungwa kwa muda wa sehemu moja ya 8,000 ya sekunde, la Nikon sehemu moja ya 4,000. Mpiga picha wa mpira, wa gwaride au wa wanyama atafurahi na Canon.

Ganda la Canon ni la magnesi, na bila betri kamera yenyewe ina gramu 740. La Nikon ni la plastiki ngumu, gramu 620. Canon ukiishika unahisi umeshika chombo cha kazi. Lakini kufikia saa kumi jioni bega nalo lina maoni yake. Hata hivyo, pasiwe na mtu wa kudanganywa: hakuna hata moja kati ya hizi iliyoundwa ili iachwe mvuani. Katika nchi yetu ya milima, mfuko wa nailoni mfukoni ni sehemu ya kamera.

JIONI KANISANI

Toka Kikorongo tulishika njia ya magharibi, tukapita Kinyamaseke mpaka Bwera. Huko nilialikwa arusini, katika kanisa lenye madirisha madogo, ibada ikachelewa mpaka jioni. Hapo ndipo penye mkate wa kijana wetu, kwa hiyo nilipima kwa uangalifu zaidi.

Wepesi wa kamera kupokea mwanga hupimwa kwa alama ziitwazo ISO. Canon huenda mpaka 1600, na ukiilazimisha, 3200. Nikon hufika 3200 kwa kawaida, na ukiilazimisha, 6400. Tarakimu peke yake hazitoshi, kwa hiyo nilipiga picha zilezile kwa kamera zote. Kwa 1600, sura za watu katika picha za Canon zilianza kuwa na chembechembe kama mchanga; za Nikon zilikuwa safi zaidi. Kwa 3200, za Nikon bado ningeweza kumkabidhi mteja bila aibu. Za Canon ningempa huku nikitazama chini.

Nikon ina sifa nyingine arusini. Taa yake ndogo ya juu huweza kuiamrisha taa nyingine ya aina yake iliyowekwa mbali, pasipo waya. Mpiga picha akiweka taa hiyo ya pili kando, sura za watu weusi wa nchi yetu hupata umbo na mng'ao, badala ya kuwa bapa kama zilizobandikwa ukutani. Taa ya Canon 40D haiwezi kazi hiyo.

KUHUSU PICHA ZITEMBEAZO

Wauzaji humsifu Nikon D90 kwa sababu ndiyo kamera ya kwanza ya aina yake iliyoweza kupiga picha zitembeazo, na hilo ni kweli. Canon 40D haina uwezo huo kabisa. Lakini sifa ya mwaka 2008 si lazima iwe sifa leo. Filamu ya D90 hukatika baada ya dakika tano, sauti yake ni hafifu, na kamera hailengi yenyewe wakati inaporekodi. Simu ambayo kijana wetu anayo tayari huifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Asitoe hata shilingi moja ya mama yake kwa ajili ya jambo hilo.

Basi kwa nini asiendelee na simu? Kwa sababu mteja wake anataka picha ya karatasi ya kutundika ukutani, sura ya mtoto wake aliye mbali jukwaani, na taa isiyoshindwa na giza la ukumbi. Lenzi ya kweli na taa ya kweli bado havijapata mrithi katika mambo hayo.

BETRI, KADI NA LENZI

Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, betri ya Nikon hutoa picha kama 850. Ya Canon hutoa kama 800 ukitumia taa nusu ya wakati, na kama 1,100 usipoitumia. Lakini hivyo ni vipimo vya betri mpya. Betri iliyozeeka huweza kufa kabla keki haijakatwa, na vijijini mlimani si kila nyumba ina umeme wa kuichaji. Anayenunua kamera kuukuu ahesabu pia bei ya betri mbili.

Nikon hutumia kadi za SD, ambazo hupatikana katika maduka ya simu. Canon hutumia kadi pana za CompactFlash, ambazo siku hizi ni za kutafutwa, na vipini vidogo vilivyomo ndani ya kamera huweza kupinda mtu akiishindilia kadi kwa haraka. Kuhusu lenzi, zote mbili zina hazina kubwa ya lenzi za zamani zenye bei nafuu. Nikon D90 ina mota yake ya kulengea, kwa hiyo huzitumia hata lenzi kuukuu ambazo kamera ndogo za Nikon huzishindwa.

SHAHIDI ASIYESEMA UONGO

Mtu asije akadhani kwamba haya ni mambo ya arusi na keki peke yake. Mwaka 1906, Mwitalia Vittorio Sella alipanda Rwenzori pamoja na msafara wa Mtawala wa Abruzzi, akapiga picha za barafu kwa vyombo vizito vilivyobebwa na wapagazi. Wakati ule barafu ya mlima huo ilienea zaidi ya kilomita za mraba 6. Leo haifiki hata moja. Picha za Sella ni miongoni mwa ushahidi unaotuwezesha kuliona pengo hilo kwa macho.

Vivyo hivyo, mto Nyamwamba ulipofurika tarehe 1 Mei 2013, na tena mwezi Mei 2020, ukaharibu Kilembe pamoja na hospitali yake, picha zilikuwa na kazi ya kuonyesha nyumba ilisimama wapi, daraja lilikuwa wapi na shamba liliishia wapi. Mpiga picha wa kijijini ambaye leo anapiga arusi mbele ya nyumba ya mtu, kesho picha yake huenda ikawa ndiyo kumbukumbu pekee ya nyumba hiyo. Kwa hiyo namsihi kila mwenye kamera azihifadhi picha zake mahali pawili, na aandike tarehe.

USHAURI WANGU, NA KILICHOTOKEA

Nilimwambia kijana: kama kamera zote mbili zina afya sawa, nunua Nikon D90, kwa sababu mkate wako umo katika majengo yenye giza. Ungekuwa mpiga picha wa michezo au wa wanyama, ningekuambia Canon. Kisha nikamwonya kwamba afya ya kamera ni kubwa kuliko jina lake. Mapazia ya zote mbili yalipimwa na watengenezaji kufikia mara 100,000. Hesabu ya Nikon huandikwa ndani ya kila picha, na programu ya kompyuta huweza kuisoma. Ya Canon husomwa kwa kuiunganisha kamera na kompyuta kwa waya. Nikamfundisha pia kuimulika lenzi kwa tochi ili aone kama ina ukungu, na kupiga picha ya anga tupu, tundu la lenzi likiwa limebanwa, ili madoa yajitokeze.

Juma lililofuata alinipigia simu. Alikuwa ameikagua Nikon mbele ya muuzaji: pazia lilikuwa limekwisha funguka zaidi ya mara 130,000, na ndani ya lenzi ukungu umetanda kama utando wa buibui. Canon ilikuwa imefunguka mara 20,000 na kitu, lenzi yake safi. Akainunua Canon, na fedha iliyobaki akanunua taa kubwa ya kuweka juu yake, ili giza la kanisa lisimshinde.

"Afande, usikasirike," aliniambia. "Sikukufuata."

Nilimjibu kwamba amenifuata kuliko nilivyotarajia. Ada za wadogo zake zililipwa kwa wakati, na mama yake sasa ana picha yake mwenyewe ukutani, akiwa amesimama katikati ya mibuni yake.

Enyi vijana wa Kasese na Bwera mnaotafuta riziki kwa kamera, sikilizeni sifa za wauzaji, lakini fedha zenu zisitoke mfukoni kabla hamjakipima chombo chenyewe kwa mikono na macho yenu.