Kabla hujauza nozeli au bomba la hewa la Subaru ya tabo, soma hii

Wadau, leo naongea na wenzangu tunaouza spea za magari mtandaoni, hasa za Subaru zenye tabo, Impreza WRX na Forester. Mwaka jana nilimuuzia mteja bomba pana la kuingiza hewa pamoja na filta ya wazi. Siku ya kwanza akaniandikia, "Boss, gari linatembea balaa!" Wiki ya tatu pistoni moja imeyeyuka, na mimi ndiye tapeli kwenye komenti za posti zangu zote. Spea ilikuwa nzima kabisa. Ila mimi sikujua ninachouza.

Iko hivi. Kontroli boksi haijui umefunga nini. Inategemea sensa ya hewa iliyo karibu na filta. Sensa ile inapima hewa inayopita pale ilipokaa tu, halafu boksi inapiga hesabu ya hewa yote kwa kudhani bomba ni lile la kiwandani. Bomba likiwa pana zaidi kwa asilimia 10, nafasi ya kupita hewa inaongezeka kwa asilimia 21. Hewa inapita polepole kwenye sensa, boksi inaona hewa kidogo kuliko iliyopo, inatoa mafuta kidogo.

Sasa mbona siku ya kwanza gari lilienda vizuri? Ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Ukiendesha taratibu, boksi inaisikiliza na kujirekebisha ibaki karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ukikanyaga mpaka tabo ianze kusukuma, boksi nyingi za magari haya zinaacha kuisikiliza, zinafuata jedwali lililomo ndani. Na hapo ndipo injini inataka mafuta mengi zaidi, kama 11 au 12 kwa 1, ili isipate joto kupita kiasi. Sensa ikidanganya wakati huo, hakuna wa kusahihisha. Injini inagonga, joto linapanda, pistoni inakwenda.

Nozeli ni kinyume chake. Ukitoa za 440 cc ukaweka za 550 bila kubadilisha programu, boksi inazifungua kwa muda uleule na mafuta yanazidi kwa asilimia 25. Moshi mweusi, plagi zinaloa, mteja analalamika gari linakunywa. Ile valvu ya kupumulia nje yenye mlio wa "pshhh", vijana wanaipenda, nayo inamwaga hewa ambayo sensa ilishaihesabu. Gari linaweza kuzima kwenye foleni, lakini injini haifi haraka. Hiyo naiuza bila presha, nikishamwambia mteja.

Siku hizi kabla sijapokea hela namuuliza gari ni la mwaka gani, kipi kimeshabadilishwa, na nani atamrekebishia programu. Akijibu "fundi wangu atafunga tu", namwambia asubiri. Nimepoteza oda kwa hilo, moja ilikwenda kwa jirani yangu wa bei chee. Kwenye posti, chini ya bei, naandika kwa herufi kubwa kwamba programu irekebishwe na mchanganyiko upimwe kabla ya kukanyaga. Majibu yote nayahifadhi WhatsApp.

Yule wa pistoni nilimrudishia hela ya bomba, ya injini hapana. Tulibishana wiki nzima, maana sikuwa na ujumbe hata mmoja wa kuonyesha nilimwonya. Na kweli sikumwonya.