Kutambua Hitilafu za Umeme Katika Gari

Ni alfajiri ya mwezi wa Aprili huko Mbugani, wilayani Kyela. Mvua imenyesha usiku kucha. Mama mmoja mjamzito ameshikwa na uchungu, naye yampasa kufika hospitali upesi. Dereva anageuza ufunguo wa gari. Unasikika mlio mmoja tu, "ka!", kisha kimya.

"Betri imekufa," asema utingo.

"Tuchunguze kwanza," ajibu dereva.

Je, wewe ungeanza kuchunguza wapi?

Njia ya umeme

Umeme hupita katika mzunguko usiokatika. Katika gari, umeme hutoka katika betri, hupita katika waya mnene hadi kwenye stata, kisha hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha gari. Stata ni mota inayozungusha injini ili iwake. Betri ya gari dogo huwa na volti 12. Ndani yake mna vyumba sita vyenye sahani za risasi na asidi. Betri ya kwanza ya namna hii iliundwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Dereva anachunguza

Dereva anawasha taa za mbele. Zinawaka vizuri. Anageuza ufunguo tena, na taa zinafifia ghafla. Basi umeme upo, lakini hauitoshi stata. Taa moja ya mbele hutumia ampea 5 hivi. Stata huhitaji zaidi ya ampea 100. Mfereji wa shamba la mpunga ukizibwa na tope, maji machache hupita, lakini hayatoshi shamba zima. Ndivyo ilivyo hapa.

Huenda betri ni dhaifu, au viungo vyake ni vichafu. Dereva anaanza na kile kilicho rahisi kutazama. Anafungua boneti, anaona ungaunga mweupe na wa kijani kwenye ncha za betri. Ungaunga huo huzuia umeme. Anafungua waya wa ncha hasi kwanza, kisha wa ncha chanya. Anaosha ncha kwa maji ya magadi, kwa sababu magadi huondoa ukali wa asidi. Anazikausha, anazisugua kwa msasa, na kukaza nyaya. Safari hii injini inawaka.

Mlio wa mkanda

Mara unasikika mlio mwingine, "kwiii!" Mkanda umelegea, nao unateleza. Mkanda huo huzungusha alteneta, yaani mashine inayorudisha umeme katika betri. Ukiteleza, betri hupungukiwa umeme. Dereva anazima injini, anaukaza mkanda, anawasha tena. Mlio umekwisha. Mama anapandishwa garini, na safari inaanza.

Jaribio

Chukua betri ya tochi, balbu ndogo, nyaya na msumari wenye kutu. Unga mzunguko ili umeme upite katika msumari. Tazama balbu. Sasa sugua msumari kwa msasa, kisha jaribu tena. Umeona tofauti gani?

Onyo: Usiguse betri ya gari. Asidi yake huunguza, na hewa itokayo humo yaweza kulipuka kwa cheche.

Maswali

1. Kwa nini taa ziliwaka ingawa stata haikuzunguka?
2. Magadi yana kazi gani katika kusafisha betri?
3. Utingo angenunua betri mpya bila kuchunguza, hitilafu gani ingebaki?