Chai ya kijani haitibu chakula kinachokwama

Mzazi mmoja wa Kawetele, Tukuyu, aliniuliza: "Daktari, sisi tunaishi na chai. Ni kweli ile ya kijani inazuia saratani? Baba yangu chakula kinamkwama kooni, nimemwanzishia vikombe vitano kwa siku."

Nilimwambia amlete baba hospitali wiki hiyohiyo, kisha tukazungumza kuhusu chai.

Chai ya kijani na majani ya chai tuliyoyazoea hutoka kwenye mmea mmoja. Tofauti huanzia kiwandani. Majani ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke rangi, hivyo hubaki na kemikali nyingi zaidi ziitwazo katekini. Maabara, katekini zimepunguza kasi ya ukuaji wa seli za saratani. Lakini mwili wa binadamu ni kitu kingine. Mwaka 2020, watafiti wa Cochrane walipitia tafiti 142 zilizohusisha watu zaidi ya milioni moja. Matokeo yalipingana, na hawakupata uthibitisho kwamba chai hiyo inakinga saratani.

Jambo la kuangalia zaidi ni joto la kikombe. Mwaka 2016, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Saratani hii inawapata watu wengi Afrika Mashariki. Baridi ya Rungwe inatufanya tupende chai ya moto sana. Iache ipoe dakika chache kabla ya kunywa.

Zingatia pia haya:

Vidonge na unga uliokolezwa wa chai ya kijani vinaweza kudhuru ini.

Kama unatumia dawa za saratani, mweleze daktari wako kabla ya kuvitumia, kwani baadhi ya dawa hupungua nguvu.

Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Usiwape watoto wadogo, na mjamzito asinywe wakati wa mlo.

Kinga yenye uthibitisho ipo: kuacha tumbaku, kupunguza pombe, na chanjo ya HPV dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa bure kwa wasichana.

Chakula kikikwama au uzito ukipungua bila sababu, nenda ukapimwe. Chai utakunywa ukirudi.