Karatasi Kutokana na Masalia ya Mazao: Tatizo la Istilahi "Taka za Kilimo"

Makala haya yanafafanua namna masalia ya mazao yanavyogeuzwa kuwa karatasi, na papo hapo yanahoji istilahi "taka za kilimo" inayotumika kuyataja. Hoja yetu ni kwamba istilahi hiyo inatia katika kapu moja malighafi ambazo mkulima na mtengeneza karatasi, kila mmoja kwa sababu zake, huzitofautisha.

Karatasi ni nyuzinyuzi za selulosi zilizotenganishwa, zikachanganywa na maji, zikachujwa juu ya wavu na kukaushwa. Ndani ya mmea, nyuzinyuzi hizo hushikamanishwa na lignini. Ili kuiondoa, malighafi hupikwa pamoja na kemikali, mathalani ile ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki soda, mpaka ipatikane rojo. Mabua ya nafaka yana lignini kidogo kuliko miti, kwa hiyo huiva upesi zaidi. Waandishi wengi huishia hapo.

Tuuangalie mpunga. Kiswahili hutenga mabua yanayobaki shambani na pumba zinazotoka mashineni. Mabua hutoa karatasi. Pumba, ambazo ni fupi na zimejaa silika, hazifai. Hata mabua yenyewe yana silika inayoingia katika maji meusi yanayosalia baada ya kupika, kisha ikaganda katika mitambo ya kurejesha kemikali. Kiwanda kinachoshindwa kuzirejesha huyamwaga maji hayo, na hapo mto ndio huumia.

Makapi ya miwa nayo yana habari yake. Nchini India, kampuni ya Tamil Nadu Newsprint and Papers Limited, iliyoanzishwa mwaka 1979, huyatumia kama malighafi kuu. Lakini kwa kiwanda cha sukari makapi si taka, bali ndiyo kuni za kuchemshia. Ndiyo maana kampuni hiyo ililazimika kuvipatia viwanda vya sukari mvuke au nishati nyingine ili ipewe makapi. Aidha, chembe laini za moyo wa muwa sharti ziondolewe kwanza, kwa kuwa hunyonya maji bila kuimarisha karatasi.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, jani hupitishwa katika mashine ambayo wafanyakazi huiita korona. Singa zinazopatikana huwa kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Msomaji wa ripoti huona asilimia 96 ya "taka" na kudhani ameona karatasi, ilhali sehemu kubwa ni maji na nyama ya jani. Kinachofaa humo ni singa fupi zilizoponyoka.

Suala hili lina uzito wa bei pia. Kwa wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania, mabua ya mahindi ni malisho ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Mnunuzi anayeyaita taka amekwisha kuyashusha thamani kabla ya mapatano kuanza. Nakiri kwamba nami niliwahi kuliingiza neno hilo katika orodha ya istilahi niliyoiandaa, pasipo kumwuliza mkulima hata mmoja.

Ninapendekeza "masalia ya mazao" liwe jina la jumla, na mabua, pumba, makapi na singa fupi vipewe vidahizo vyake katika kamusi za kitaaluma, kila kimoja kikionyesha sehemu ya mmea inayohusika na matumizi ambayo wenyewe wanayo tayari.